Mvua za Wastani Ni Mvua Kiasi Gani?

Kila mwaka, kabla msimu haujaanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutangaza mwelekeo wa mvua za Novemba hadi Aprili. Ndizo mvua za Tabora, Katavi na kusini mwa Kigoma, ambako hakuna vuli na masika kama pwani ya kaskazini. Taarifa huwekwa mtandaoni kwa Kiswahili, na punde imeshafika kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima wa Sikonge na Urambo, mkoani Tabora. Ila inayosambaa zaidi ni sentensi moja: zitakuwa mvua za wastani, au chini yake, au juu yake.

Mitaani, cha wastani ni cha hivi hivi, si kizuri sana wala si kibaya. Mkulima akiambiwa mvua ni za wastani, anaweza kudhani zitasuasua, akapunguza shamba. Mtaalamu wa hali ya hewa hakusema hivyo.

Kwake yeye wastani ni hesabu. Hujumlishwa mvua zilizopimwa mahali hapo kwa miaka mingi, kwa kawaida 30, kisha hugawanywa kwa idadi ya miaka. TMA huziita mvua za wastani zikifika kati ya asilimia 75 na 125 ya kiwango hicho. Tuseme kiwango ni milimita 900. Msimu wa milimita 680 ni wa wastani, na wa milimita 1,120 nao ni wa wastani. Milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo misimu hiyo miwili imepishana lita 440 kwa kila mita ya mraba. Mwenye mpunga mbugani hawezi kuiona kuwa ni misimu sawa.

Tena kila mahali pana wastani wake. Mvua za wastani za Tabora zikinyesha Dodoma, zitaitwa za juu ya wastani.

Kiingereza hapa hutumia neno lenye maana ya kawaida. Tungeweza kusema "mvua za kawaida", na mkulima angeelewa upesi. Lakini kila mtu ana kawaida yake, hasa anayekumbuka mwaka mmoja wa neema. Wastani tumefundishwa shuleni kuwa ni hesabu, basi neno hilo libaki. Ila liandamane na milimita za wilaya husika.

Hata hivyo, wastani husema jumla tu. Mvua zinaweza kuutimiza huku mahindi yamekaukiwa wiki tatu wakati wa kutoa mbelewele. Ndiyo maana taarifa kamili ya TMA hutaja pia mvua zitaanza na kuisha lini, na kama kutakuwa na vipindi virefu vya ukavu. Afisa ugani anayesambaza ujumbe asiikate sehemu hiyo, kwani ndiyo inayomwambia mkulima anunue mbegu ya muda mfupi au ya muda mrefu.