Mchanga mweusi wa kiwandani: mbegu kuota si cheti cha usalama

Viwanda vya kusubu madini hutengeneza kalibu zao kwa mchanga. Mchanga huo hutumiwa tena na tena hadi ukachoka, ukawa mweusi, ukatupwa. Lori likiuleta bure, wengi wetu tunaupokea: wa kujazia kiwanja, wa kuchanganya na udongo wa bustani.

La kuuliza kwanza ni ulisubiwa nini. Uliotumika kwa chuma au alumini kwa kawaida una madini mazito machache. Uliosubiwa shaba nyeupe, ile ya mifereji, waweza kubeba risasi, shaba na zinki. Marekani, tathmini ya serikali ya mwaka 2014 iliyokubali baadhi ya mchanga wa viwanda hivi utiwe kwenye udongo haikuuhusisha ule wa shaba nyeupe.

Kipimo cha mbegu ni rahisi. Sehemu moja ya taka hutiwa katika sehemu kumi za maji safi, hutikiswa kwa saa 24, kisha huchujwa. Mbegu 20 za figili huwekwa kwenye karatasi iliyoloweshwa kwa maji hayo, na nyingine 20 kwenye maji matupu. Baada ya siku chache huhesabiwa zilizoota, na mizizi ikapimwa kwa rula.

Kuhesabu peke yake hakutoshi. Mbegu huota kwa akiba yake yenyewe, na ganda huikinga. Mzizi ndio unaokutana na sumu mwanzo. Tuseme kwenye maji matupu zimeota zote 20, mizizi ya milimita 40. Kwenye maji ya taka zimeota 16, mizizi milimita 20. Asilimia 80 mara asilimia 50 ni asilimia 40. Wataalamu wengi huhesabu chini ya 50 kuwa sumu kali kwa mmea, na zaidi ya 80 kuwa haina madhara kwake. Aliyehesabu mbegu tu angesema mambo ni mazuri! Chumvi au magadi pia huua mizizi, kwa hivyo maji yapimwe hayo kabla ya kulaumu madini.

Lakini kipimo hiki humsemea mmea, hakimsemei mlaji. Zinki na shaba zikizidi, mmea hunyauka mapema ukakuonya. Risasi haina ukarimu huo: mchicha waweza kusimama kijani huku mizizi imeibeba na vumbi lake liko kwenye majani. Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu, risasi ilipatikana katika damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaazi wafidiwe Sh1.3 bilioni, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo baada ya kutenguliwa kwenye rufaa.

Kwa mchanga wa kupandia mboga, basi, itisha pia kipimo cha risasi kutoka maabara inayotambuliwa na NEMA. Kuosha majani huondoa vumbi. Kilichoingia ndani ya mmea hakioshwi.