Meno ya mtoto na afya ya moyo: Funzo kutoka Guangzhou

Mwaka 1965 mji wa Guangzhou, kusini mwa China, ulianza kutia madini ya floraidi katika maji ya bomba ili kuyakinga meno ya wakazi wake yasioze. Mpango huo ulikomeshwa mwaka 1983, baada ya mabishano kuhusu watoto walioota meno yenye madoa. Tangu wakati huo, jukumu la kuyalinda meno ya mtoto limebaki mikononi mwa wazazi, walimu na madaktari.

Jukumu hilo si jepesi. Uchunguzi wa kitaifa wa China wa mwaka 2005 ulionesha kuwa asilimia 66 ya watoto wa umri wa miaka 5 walikuwa na meno yaliyooza. Uchunguzi uliofuata, wa mwaka 2015 na 2016, ulikuta kiwango hicho kimevuka asilimia 70.

Wazazi wengi, Guangzhou kama ilivyo Mombasa au Mwanza, huyaona meno ya utotoni kuwa ni ya kupita tu, kwa kuwa yatang'oka na mengine yataota. Hata hivyo, kwa mtoto mwenye kasoro ya moyo, jino bovu laweza kuwa mlango wa maradhi yanayoua.

Vijidudu hufikaje moyoni?

Kinywa cha kila mtu kina vijidudu vingi, vikiwemo vya jamii ya streptokoka. Fizi zikivimba na kutoka damu, au jino likioza hadi kwenye mzizi, vijidudu hivyo hupata njia ya kuingia katika damu. Aghalabu kinga ya mwili huviangamiza kwa muda mfupi.

Hali huwa tofauti pale moyo unapokuwa na tundu, vali iliyoharibika au vali ya bandia. Damu hupita hapo kwa msukosuko, na ukuta wa ndani wa moyo hukwaruzika. Vijidudu hunasa mahali hapo, huzaliana na kuila vali. Maradhi hayo huitwa endokadaitisi. Tiba yake ni dawa za antibayotiki za kudungwa mshipani kwa wiki kadhaa, na wakati mwingine upasuaji.

Takriban watoto 8 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa duniani huwa na kasoro ya moyo. Afrika Mashariki ina kundi jingine kubwa, nalo ni la watoto ambao vali zao zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi. Homa hiyo haitokani na meno, bali hufuatia maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Lakini vali ikishaharibika, kinywa kichafu huongeza hatari.

Kwa sababu hiyo madaktari huchunguza meno ya mtoto kabla ya kumfanyia upasuaji wa moyo. Yakikutwa mabovu, upasuaji huweza kuahirishwa hadi yatibiwe. Kwa familia iliyosubiri kwa muda mrefu nafasi katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mjini Dar es Salaam, au Taasisi ya Moyo ya Uganda mjini Kampala, ucheleweshaji wa namna hiyo ni pigo kubwa.

Watoto wenye moyo mzima

Kwa mtoto asiye na kasoro ya moyo, ushahidi ni wa tahadhari zaidi. Nchini Finland, watafiti waliwachunguza meno watoto 755 mwaka 1980, kisha wakawafuatilia hadi mwaka 2007. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionesha kuwa waliokuwa na meno mabovu au fizi zilizougua utotoni walielekea kuwa na kuta nene zaidi za mishipa ya damu ya shingoni ukubwani, dalili ya awali ya maradhi ya moyo. Uhusiano huo hauthibitishi kwamba meno ndiyo chanzo.

Mswaki kabla ya kidonge

Kwa miongo mingi, madaktari waliwapa wagonjwa wengi wa moyo antibayotiki kabla ya kung'oa jino. Mwaka 2007 Shirikisho la Moyo la Marekani lilipunguza orodha hiyo, likabakiza walio katika hatari kubwa zaidi, kama vile wenye vali za bandia na waliowahi kuugua endokadaitisi. Sababu moja ni kwamba vijidudu huingia katika damu mara nyingi zaidi wakati wa kutafuna na kupiga mswaki kila siku kuliko kwenye kiti cha daktari. Kinga ya kwanza, basi, ni kinywa safi na fizi zenye afya.

Wataalamu hushauri mtoto aanze kupigwa mswaki jino la kwanza linapochomoza, mara mbili kwa siku, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Aliye chini ya miaka 3 atiliwe kiasi cha punje ya mchele. Asilale na chupa ya maziwa au kinywaji chenye sukari. Mzazi amsaidie hadi afikie miaka 7 au 8.

Kwa upande mwingine, baadhi ya jamii za Tanzania, Kenya na Uganda huwang'oa watoto wachanga vichipukizi vya meno, vinavyoitwa "meno ya plastiki", kwa kudhani ndivyo vinavyoleta homa na kuharisha. Jeraha hilo, likitiwa kwa chombo kisicho safi, hufungulia vijidudu njia ya damu.

Mzazi aliye ugenini

Wafanyabiashara wengi wa Kiafrika wa Guangzhou hukutana mtaa wa Xiaobei, na baadhi yao huishi mjini humo na watoto wao. Mji una Hospitali ya Meno ya Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, na taasisi ya moyo katika Hospitali ya Wananchi ya Jimbo la Guangdong. Kwa kuwa madaktari wa meno na wa moyo wako mahali tofauti, mzazi ndiye anayepaswa kuwaunganisha. Ni vyema awe na barua ya daktari wa moyo iliyotafsiriwa kwa Kichina, inayotaja kasoro ya mtoto, upasuaji aliofanyiwa na dawa anazotumia.

Mtoto mwenye maradhi ya moyo akipata homa isiyoeleweka ya siku kadhaa, apelekwe hospitali na apimwe damu kabla ya kupewa antibayotiki yoyote. Dawa iliyonunuliwa dukani kwa kubahatisha huweza kuvificha vijidudu visionekane katika kipimo, ilhali vinaendelea kuishambulia vali.