Injini Zina Majina, Guka Hana Picha

Wasee, swali la haraka. Unajua jina la injini yoyote ya treni ya zamani hapa Kenya? Mimi najua matatu: Mount Gelai, Mount Shengena na Sir Harold MacMichael. Zote ziko Makumbusho ya Reli, hapo karibu na stesheni ya Nairobi. Sasa niambie jina la dereva mmoja aliyeziendesha. Hujui, si ndio? Hata mimi sijui, na guka wangu alikuwa mtu wa reli.

Guka alianza kazi miaka ya sitini, enzi za East African Railways. Alikuwa msaidizi wa dereva, ule mtu wa kuangalia moto na maji, Nairobi hadi Nakuru na kurudi. Tukiwa watoto tulikuwa tunaigiza kutupa makaa kwa koleo, naye anacheka. "Makaa gani? Sisi tulikuwa tunachoma mafuta." Alikuwa sahihi. Zile injini kubwa za Garratt za wakati wake zilikuwa zinatumia mafuta.

Alipoaga dunia, familia ilitafuta picha ya kuweka kwa programu ya mazishi. Tukapekua masanduku yote ya shosho. Miaka yote hiyo kwa reli, hakuna hata picha moja akiwa kazini. Mwishowe tukatumia ya kitambulisho, ikavutwa mpaka uso ukawa na ukungu. Hapo ndio nilianza kufuatilia hii maneno ya treni na picha.

Kwanza muelewe hiyo njia. Stesheni ya Nairobi iko karibu mita 1,660 juu ya bahari. Limuru ni zaidi ya mita 2,200. Kwa hivyo treni ikitoka tao, ipite Kibra, Dagoretti na Kikuyu, inapanda mlima saa yote. Halafu baada ya Limuru ardhi inakatika ghafla na unaona Bonde la Ufa lote chini yako.

Reli ilifika Nairobi mwezi wa tano 1899, na huo mteremko ndio ulikuwa mtihani uliofuata. Kabla njia ya kudumu ikamilike, walitumia ujanja. Mabehewa yaliwekwa juu ya majukwaa ya magurudumu na kushushwa bondeni kwa kamba za chuma. Ndivyo vifaa vilifika chini na kazi ikaendelea mpaka Kisumu, mwaka wa 1901.

Picha za huo mteremko zipo mpaka leo. Ujenzi ulikuwa na mpiga picha wake, William D. Young, na jina lake tunalo. Lakini zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India, karibu 2,500 wakafa, na kwenye picha wamesimama tu pembeni bila majina. Huko Makumbusho ya Reli kuna behewa ambamo simba alimvuta Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, pale Kima mwaka wa 1900. Kifo kimoja kimehifadhiwa na behewa lake. Vile vingine 2,500 tunavisoma kama namba.

Miaka ya hamsini mambo yalikuwa vilevile. Injini za daraja la 59 zilitengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester, 34 kwa jumla, zikaanza kufika 1955. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252. Kwa reli ya upana wa mita moja, hakukuwa na injini ya mvuke kubwa kuzishinda duniani. Kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Daraja la 60 zikapewa majina ya magavana, ndio maana huyo Sir Harold yuko hapo.

Wapenda treni wa Ulaya walifunga safari mpaka huku kuzipiga picha. Nimekesha mtandaoni nikiziangalia. Chini ya picha wameandika namba ya injini, mahali na mwaka. Kuna moja ya mlimani, moshi umejaa, na dirishani kuna kiwiko cha mtu. Nimeikuza kwa vidole mpaka ikawa vidoti tu. Inaweza kuwa guka. Inaweza kuwa mtu mwingine yeyote. Siwalaumu hao wazungu, maana bila wao hata hicho kiwiko singekiona. Walikuja kuona injini, wakaandika injini. Kuandika watu ilikuwa kazi yetu, na wakati huo kamera nyumbani kwetu ilikuwa ndoto.

Leo kila mtu ana kamera mfukoni na bado tunafanya makosa yale yale. Mimi mwenyewe nilikuwa naenda Kibra jioni, treni ya Limuru ikirudisha watu wa kazi, napiga mabati, moshi na taa ya mbele, nikirudi naposti. Likes zinaingia, nafurahi. Siku moja mama anayeuza omena kando ya reli akaniita. "Kijana, hiyo picha ni ya treni ama ni yangu?" Nilikosa jibu.

Na hapo Kibra si mchezo. Januari 2008 vijana waling'oa reli hapo wakati wa ghasia za uchaguzi. Machi 2010 watu wanaoishi na kuuza kando ya hiyo njia walipewa notisi ya siku 30 wahame. Siku kama hiyo ikirudi, picha yenye jina, mahali na tarehe inaweza kukusaidia kuonyesha kwamba ulikuwa hapo. Picha ya treni kali na kivuli cha mtu haitakusaidia chochote.

Kwa hivyo nimebadilisha venye nafanya. Naomba ruhusa kwanza. Wengine wanakataa, sawa tu. Askari mmoja alinifukuza akiuliza nani amenituma, hiyo pia ni sehemu ya kazi. Anayekubali namuuliza jina lake na amekaa hapo tangu lini, naandika nyuma ya picha, kisha namrudishia nakala yake. Yule mama wa omena ameiweka yake ndani ya kibanda. Jina lake ninalo, ila hapa siliweki kwa sababu hakuniambia niliweke.

Endeleeni kupiga treni, wasee, hata mimi siachi. Ila ukirudi nyumbani tafuta zile picha za zamani, ugeuze kila moja nyuma. Kama hakuna jina, muulize shosho leo. Usingoje Krismasi. Sisi tulingoja, tukabaki na kitambulisho.