Lugha na Urithishaji wa Imani Arua na Koboko

Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua mwaka 1918. Agano Jipya la Kilugbara lilichapishwa mwaka 1936, na Biblia nzima mwaka 1966. Watoto waliozaliwa kanisa lilipoanza walikuwa watu wazima kabla Biblia kamili haijapatikana kwa lugha yao. Mafundisho yao yaliwategemea sana walimu wenyeji.

Thamani ya mafundisho hayo ilidhihirika vita vya 1979 vilipowafukuza wakazi wengi wa West Nile hadi Zaire na Sudan. Majengo yalibaki nyuma. Sala na nyimbo zilizokaririwa nyumbani ziliondoka na wenyewe.

Makanisa machanga ya leo, yakiwamo ya Kimethodisti, yanakabili hali ngumu zaidi. Kilugbara, Kikakwa cha Koboko na Kinubi hukutana na lugha za wakimbizi kutoka Sudan Kusini na Kongo. Mzazi huweza kusali kwa lugha moja, mwanawe akafundishwa kwa nyingine. Kwa hiyo, wanaoyafadhili makanisa hayo hawana budi kumwandaa mwalimu wa watoto ajuaye lugha ya nyumbani kabla ya kugharimia jengo.