Chaneli 7 isiyorushwa kwenye chaneli ya saba: Jinsi stesheni za Marekani zilivyolinda nambari zao zilipohamia dijitali

STESHENI ya runinga ya WLS-TV jijini Chicago, Marekani, hujiita ABC 7. Nembo yake ni tarakimu ya saba ndani ya duara, na mtazamaji mwenye antena akibonyeza 7 kwenye rimoti ataipata bila taabu. Hata hivyo, mtambo wake mkuu uliacha kutumia masafa ya chaneli ya saba mnamo Oktoba 2009, miezi michache tu baada ya nchi hiyo kuzima matangazo ya analojia.

Huo si udanganyifu. Wamarekani walipohamia dijitali waliamua kwamba nambari ya chaneli, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ikitaja masafa, itumike sasa kama jina la stesheni. Uamuzi huo umezua kesi, umeokoa mali ya thamani kubwa na kuwachanganya watazamaji wengi.

Katika enzi ya analojia nambari ilikuwa anwani halisi. Masafa ya runinga yaligawanywa katika vipande vyenye upana wa megahezi 6 kila kimoja, na kila kipande kikapewa nambari yake. Chaneli za 2 hadi 13 zilikuwa kwenye mawimbi ya VHF, na kuanzia 14 kwenye UHF. (Chaneli ya 1 ilifutwa mwaka 1948 na masafa yake kutengewa huduma nyingine za redio, ndiposa runinga za huko huanza kuhesabu kutoka 2.) Mawimbi ya VHF yalifika mbali kwa nguvu ndogo ya mtambo, kwa hivyo stesheni yenye nambari ndogo ilihesabiwa kuwa yenye bahati. Aghalabu ndiyo iliyotangulia mjini na ndiyo iliyokuwa na watazamaji wengi.

Si ajabu basi kwamba nambari hizo ziligeuzwa nembo. Ile saba ya duara ilibuniwa mwaka 1962 kwa ajili ya stesheni zilizomilikiwa na shirika la ABC, ambazo zilikuwa kwenye chaneli ya saba katika miji kadhaa mikubwa. Ilichorwa kwenye magari ya waandishi, kwenye vipaza sauti na kwenye mabango ya barabarani. Mtoto asiyejua kusoma aliitambua. Mfanyabiashara aliyenunua muda wa matangazo alikuwa, kwa kiasi fulani, akinunua umaarufu wa tarakimu hiyo.

Matatizo yalianza mwaka 1997, wakati Tume ya Mawasiliano ya Marekani (FCC) ilipoanza kuzigawia stesheni chaneli ya pili ili zirushe matangazo ya dijitali sambamba na yale ya analojia. Chaneli za pili zilitolewa palipokuwa na nafasi, bila kujali nembo ya mtu. Tazama New York. Baada ya analojia kuzimwa, WCBS, inayojulikana kama CBS 2, ilibaki kwenye chaneli ya 33. WNBC ya 4 ilikuwa kwenye 28, na WNYW, yaani Fox 5, kwenye 44. Ni WABC ya 7, WPIX ya 11 na WNET ya 13 zilizorejea kwenye chaneli zao za asili. Je, Fox 5 ingeanza kujiita Fox 44 na kutupa kila kilichojengwa kwa miaka mingi?

Suluhisho lilipatikana ndani ya mawimbi yenyewe. Matangazo ya dijitali hayabebi picha na sauti pekee, bali pia jedwali la maelezo ambalo king'amuzi hulisoma. Stesheni huandika humo nambari inayotaka kuonekana kwa mtazamaji. Runinga inapotafuta chaneli kwa mara ya kwanza, huyanasa mawimbi ya 44, husoma jedwali, kisha huihifadhi stesheni hiyo chini ya 5. Kanuni za FCC zilielekeza kwamba stesheni iliyokuwa na chaneli ya analojia iendelee kutumia nambari hiyo hiyo kwenye jedwali. Baada ya nambari kuu hufuata nukta na nambari ndogo, kwa kuwa masafa yaliyobeba kipindi kimoja cha analojia sasa yanaweza kubeba vipindi kadhaa kwa pamoja. Ndiyo maana mtazamaji huona 5.1, 5.2 na kuendelea.

Kuzimwa kwenyewe kulipangiwa Februari 17, 2009. Bunge la Congress likaahirisha hadi Juni 12 mwaka huo, kwa hofu kwamba familia nyingi hazikuwa tayari. Serikali ilikuwa ikitoa kuponi za dola 40 za kununulia ving'amuzi, mbili kwa kila nyumba iliyoomba. Siku ilipowadia, wengi waligundua kwamba king'amuzi pekee hakikutosha. Stesheni zilizohama masafa usiku huo zilitoweka kwenye skrini hadi mwenye runinga aliporudia shughuli ya kutafuta chaneli. Jedwali humficha mtazamaji masafa, na masafa yanapobadilika hana namna ya kujua ni kwa nini stesheni imepotea. Kwake yeye, 2 ni 2.

Chicago na Philadelphia ndiko malalamishi yalikotia fora. WLS ilikuwa imerudi kwenye chaneli ya saba kwa fahari, ili nembo na masafa vilingane tena. Kumbe VHF iliyopendwa wakati wa analojia haikufaa dijitali kwa watu wenye antena ndogo za ndani ya nyumba, na kelele za vifaa vya umeme ziliivuruga zaidi. Watazamaji waliikosa, na stesheni ikalazimika kuhamia chaneli ya 44. Huko Philadelphia, WPVI ilisalia kwenye 6 na kuongezewa nguvu za mtambo. Lakini kuna kitu ambacho haikuweza kukirejesha. Sauti ya chaneli ya 6 ya analojia ilikuwa ikinaswa mwishoni mwa mkanda wa redio za FM, kwenye 87.7, hivi kwamba dereva aliweza kusikiliza taarifa za habari akiwa barabarani. Dijitali iliifuta sauti hiyo.

Miaka minane baadaye, 2017, FCC ilikamilisha mnada uliochukua chaneli za 38 hadi 51 na kuzikabidhi kampuni za simu, kwa jumla ya takriban dola bilioni 19.8. Karibu stesheni 1,000 zilihamishwa tena, kazi iliyomalizika mwaka 2020. WLS ilikuwa miongoni mwa zilizofukuzwa kutoka 44. Nembo ya saba haikuguswa.

Thamani ya nambari ilidhihirika wazi zaidi mwaka 2014. Kampuni ya PMCM ilikuwa imeihamisha stesheni yake kutoka Ely, Nevada, hadi New Jersey, baada ya kushinda kesi mahakamani mwaka 2012. Stesheni hiyo, WJLP, ilirusha matangazo kwenye chaneli halisi ya 3 na kutaka ionekane kama 3. Jirani zake wawili, WFSB ya Hartford na KYW ya Philadelphia, walipinga vikali, kwa maana wote walikuwa wakijulikana kwa 3 ingawa hakuna aliyekuwa akitumia masafa hayo tena. FCC iliamuru WJLP ionekane kama 33. Aliyekuwa na masafa ya 3 akanyimwa nambari ya 3, wakabaki nayo wasio na masafa yake. Kebo pia ilihusika, kwani sheria ya mwaka 1992 huiruhusu stesheni kudai nafasi inayolingana na nambari yake.

Humu nchini, vita vya mwaka 2015 havikuwa vya nambari. Citizen, NTV, KTN na QTV zilikaa siku 19 bila kuonekana kuanzia Februari 14, zikizozana na Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu nani abebe matangazo yao. Stesheni zetu zilijijenga kwa majina na herufi. Hata 24 iliyo katika jina la K24 ni saa za siku, si chaneli. Kwa sababu hiyo hazikuwa na tarakimu ya kupoteza. Lakini pia hazina tarakimu ya kumwambia Mkenya abonyeze popote alipo. Stesheni moja hukaa kwenye nambari hii kwa mwenye antena ya kawaida, nyingine kwa mteja wa GOtv na nyingine tena kwa wa StarTimes. Kampuni inayouza king'amuzi ndiyo huamua itatangulia wapi kwenye orodha, na inaweza kuisogeza.