Biskuti Nyembamba: Kutoka Oti za Uskoti hadi Ulezi wa Mara

Zile biskuti nyembamba za oti tunazozipenda na chai zimetokana na nafaka iliyodharauliwa. Mwaka 1755 Samuel Johnson aliifanyia mzaha katika kamusi yake: Uingereza hulishwa farasi, Uskoti hulishwa watu. Waskoti hawakuona haya. Ardhi yao ya baridi na mvua haikuipenda ngano, lakini oti zilistawi, wakazipikia uji na vikate vyembamba vya kuoka juu ya bamba la chuma. Huko Marekani zikaongezwa siagi na sukari, na mwaka 1896 Fannie Farmer aliziweka biskuti za oti katika kitabu chake cha mapishi.

Mwaka 1949 kijana wa Butiama, Julius Nyerere, alikwenda kusoma Edinburgh, huko huko kwenye nchi ya oti, akahitimu 1952. Mkoa wake wa Mara nao una nafaka ya zamani: ulezi. Kuanzia Musoma na Bunda hadi Butiama, wazee waliujua kwa ugali, uji na pombe, kabla mahindi na muhogo havijatawala sufuria.

Leo ulezi tumeuachia mtoto na mgonjwa. Mgeni akija, tunamfungulia kopo lililotoka ng'ambo, na binti zetu wanajifunza kuwa cha nyumbani hakifai sahani nzuri. Kumbe gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, mara kadhaa ya oti. Umoja wa Mataifa uliufanya 2023 kuwa mwaka wa ulezi na jamaa zake.

Basi tuoke. Tunapiga siagi gramu 100 na sukari gramu 100, tunatia yai 1, chumvi kidogo na unga wa ulezi gramu 100. Tunadondosha kijiko kidogo kidogo, mbalimbali, kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, kisha oveni nyuzi 170 kwa dakika kama 10. Ulezi hauna ule mvuto wa ngano, ndiyo maana donge hutandaa likawa jembamba. Kwa sababu hiyo hiyo tusiziguse zikiwa moto, zitavunjika. Zikipoa, huwa kavu.

Waskoti waliheshimu rizki ya ardhi yao mpaka waliowacheka wakaitamani. Ulezi wetu unastahili heshima hiyo, na sahani ya mgeni ni mahali pazuri pa kuanzia.