Utajiri Kiganjani: Historia ya Kutafuta Mali Katika Mistari ya Mkono

Kusoma kiganja ni kutabiri maisha ya mtu kwa kukagua mistari, vilima na umbo la mkono wake. Wateja huuliza mambo yaleyale tangu kale: umri, ndoa, safari na mali. Katika hayo, jibu la mali ndilo lililobadilika zaidi, kwani wasomaji wa kila zama waliufasiri mkono kwa kufuata njia za utajiri walizozijua.

India, ambako elimu ya dalili za mwili huitwa samudrika, ni miongoni mwa vituo vikongwe vya kazi hii. Varahamihira, mnajimu wa karne ya 6, aliizungumzia katika kitabu chake, Brihat Samhita. Humo mwili mzima hukaguliwa, na kiganjani hutazamwa michoro yenye sura ya vitu kama samaki, kombe la baharini au bendera. Michoro ya aina hiyo ilihesabiwa kuwa dalili ya ufalme, hazina na mali. Utajiri na utawala viliwekwa kapu moja.

Huko Ugiriki, Aristotle aliandika katika kitabu chake cha historia ya wanyama kwamba watu wanaoishi miaka mingi wana mstari mmoja au miwili inayokata kiganja chote. Hapo aliuhusisha mkono na umri, si na fedha. Roma, mwanzoni mwa karne ya 2, mshairi Juvenal aliwakejeli wanawake waliohangaikia watabiri. Tajiri aliajiri bingwa wa nyota kutoka nchi za mbali, ilhali maskini alikwenda kwenye uwanja wa mashindano ya farasi akamwonyesha mtabiri paji la uso na kiganja. Utabiri wa mkononi ulikuwa wa mwenye senti chache.

Ulaya ya zama za kati iliupokea ujuzi huu kwa Kilatini. Zaburi ya Eadwine, mswada ulioandikwa Canterbury katikati ya karne ya 12, ina maandishi mafupi ya kusoma kiganja. Katika karne ya 15 daktari wa Bavaria, Johannes Hartlieb, alihusishwa na kitabu cha Kijerumani kilichochapwa kwa vibao vya mbao, kurasa zake zikijaa mikono iliyochorwa mistari na maelezo. Wasomi waliufungamanisha mkono na sayari: Mshtarii chini ya kidole cha shahada, Zohali chini ya kidole cha kati, Jua chini ya kidole cha pete, Utaridi chini ya kidole cha mwisho. Kwa kuwa Utaridi ulikuwa sayari ya wafanyabiashara, kilima chake ndicho kilichoulizwa habari za biashara.

Mitaani kazi hii ilishikwa zaidi na wanawake wa jamii ya Waroma (si watu wa mji wa Roma), waliofika Ulaya Magharibi katika karne hiyohiyo ya 15 na kufungiwa milango ya kazi nyingine nyingi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1530 iliyoamuru wafukuzwe iliwataja kwa kusoma viganja. Malipo yalikuwa na utaratibu wake: mteja alitoa sarafu ya fedha, msomaji akaipitisha kiganjani kwa alama ya msalaba, kisha sarafu ikabaki kwake. Mchoraji Caravaggio, katika miaka ya 1590, alimchora kijana mwenye kofia yenye manyoya ya ndege aliyevua glavu na kumpa msichana mkono wake. Macho ya kijana yamezama usoni mwa msichana. Huku chini, vidole vya msichana vinamvua pete taratibu.

Karne ya 19 iliivalisha kazi hii koti la sayansi. Casimir d'Arpentigny, ofisa wa zamani wa jeshi la Ufaransa, alichapisha kitabu kilichopanga watu kwa maumbo ya mikono. Adolphe Desbarrolles alifuata mwaka 1859, akisisitiza mistari. Uingereza ilipata chama cha wasomaji viganja mwaka 1889, na Mmarekani William Benham akatoa kitabu chake kikubwa mwaka 1900. Maarufu kuliko wote alikuwa Mwairlandi William John Warner, aliyejiita Cheiro na kusoma mikono ya watu mashuhuri, akiwemo mwandishi Mark Twain. Katika vitabu vya kipindi hiki utajiri haungoji fadhila ya mfalme. Mstari wa majaaliwa, unaopanda kuelekea kidole cha kati, huulizwa habari za kazi. Mstari wa jua, unaoelekea kidole cha pete, habari za sifa na mafanikio. Ni mali ya mjini, ya ajira na biashara.

Dola ilikuwa na msimamo wake. Sheria ya uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824 ilimhesabu anayebashiri kwa viganja ili kuhadaa watu kuwa mhuni wa kuadhibiwa. Wazo hilo lilisafiri na ukoloni: Kanuni ya Adhabu ya Kenya nayo ina kifungu kinachokataza kutabiri bahati kwa malipo. Hata hivyo, katika pwani ya Afrika Mashariki wenye kutaka kujua riziki yao walizoea zaidi falaki na ramli. Imani ya mkononi iliyoenea kwa watu wa kawaida ni nyepesi zaidi: kiganja kikiwasha, pesa zinakuja.

Uchunguzi wa kisayansi haukuipa nguvu mistari. Mikunjo mikuu ya kiganja hujitokeza tumboni mwa mama, kabla mimba haijatimiza miezi minne. Kuridhika kwa mteja nako si ushahidi: mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani Bertram Forer aliwapa wanafunzi 39 maelezo ya tabia zao, yote yakiwa maneno yaleyale. Kwa wastani waliyapa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Ray Hyman, aliyesoma viganja ujanani kabla ya kuwa profesa wa saikolojia, alijaribu kuwaambia wateja kinyume cha maelezo ya vitabu, na wao wakaridhika vilevile.

Utafiti mmoja uliugusa mkono na pesa kwa pamoja. Mwaka 2009 John Coates na wenzake walipima vidole vya wanaume 44 waliofanya biashara ya haraka ya fedha katika soko la London. Wale ambao kidole cha pete kilikuwa kirefu zaidi kikilinganishwa na cha shahada walielekea kupata faida kubwa zaidi, jambo lililohusishwa na homoni za kabla ya kuzaliwa. Lakini huo ulikuwa mwelekeo wa kundi dogo la kazi moja, haukutoa utabiri wa mtu mmoja mmoja, wala mistari haikuhusika.

Mkono unaweza kusema jambo kuhusu mali, ila ni mali ambayo tayari ipo au haipo. Sugu za jembe, mafuta meusi ya gereji kwenye kucha, alama ya pete iliyovuliwa: hayo msomaji hodari huyaona kabla mteja hajaketi, kisha huyarudisha kama habari za kesho. Kipato cha baadaye hutokana na ujuzi, mtaji, afya, urithi na hali ya soko, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosomeka katika mistari ya kiganja.